Nguzo ya Kuegemeza Ukuta

Lugembati, Uyui
3 Septemba 2023

Mjomba Festo,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila vumbi la kiangazi linatukohoza nyumba nzima, kuanzia Mama hadi Magreth. Magreth ndiye huyu mdogo, bado hujamwona. Ameota meno mawili na anayajaribia kwangu. Apolinaria ameanza chekechea, akirudi anatupanga mstari anatufundisha kuimba. Baba yao Anselm ameachana na tumbaku, anasema mwaka huu ni mahindi na karanga basi. Mama, dada yako, yuko hapa pembeni yangu anachambua mboga, ananiambia niandike kwamba ng'ombe mwekundu amezaa jike. Haya Mama, nimeandika.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inaita tu. Anselm amepiga, katekista amepiga, mimi nimepiga mpaka chaji ikaisha. Uliwahi kusema watu wa huku tukiwa kwenye simu tunapiga kelele wote kwa pamoja na husikii kitu, ila ukiandikiwa unajibu. Basi nimeandika. Jibu lako lielekeze kwenye sanduku la posta la Rashmi, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mtendeni, ananitunzia.

Jambo lenyewe ni kanisa. Ukuta wa upande wa makaburi umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Mkono wa Apolinaria unaingia kwenye ufa. Najua kwa sababu aliuingiza, nikamchapa, kisha nikakaa chini nikalia mimi. Wiki iliyofuata, katikati ya matoleo, donge la udongo liliporomoka kwenye benchi letu sisi wenye watoto wadogo. Halikumpata mtu. Tangu siku hiyo tunasali nje, juani, na Padri akija anasimama mlangoni, nusu ya misa tunaona uso wake na nusu tunaona kisogo.

Wazee wamekaa. Wote wanataka libomolewe lijengwe jingine. Matofali tumeshayachoma, yanasubiri. Kilichobaki ni wewe. Mzee Ngollo, mwenyekiti wetu wa kigango, amesimama palepale: kiwanja kilitoka kwa babu yenu Mahona, kilikuwa kambi ya wapagazi, na alipowapa mapadre wa kwanza alisema kikitaka kuguswa aulizwe mtu wa ukoo wake. Mwanamume mkubwa wa ukoo ni wewe.

Mama alisimama akasema, "Mimi ni mkubwa kwa Festo. Niulizeni mimi."

Mzee Ngollo akamwambia, "Ng'washi, wewe ni mkubwa kwa kuzaliwa."

"Kwani kuna kuwa mkubwa kwa namna gani nyingine?"

Watu walicheka sana, lakini uamuzi haukubadilika. Kwa hiyo Mjomba, nakuomba neno moja: bomoeni. Tukilipata kabla ya mvua tutashukuru.

Na Mama anauliza unakuja lini. Mimi naandika tu anachosema.

Mpwa wako,
Advera


Wexholme, Uingereza
8 Oktoba 2023

Mwanangu Advera,

Marahaba. Nimefurahi mno kuona mwandiko wako, umekuwa wa mtu mzima. Wape pole wote kwa kikohozi. Dada yangu mwambie huyo ndama apewe jina la marehemu mama yetu, atatoa maziwa. Huku majani yameanza kuanguka na mimi kazi yangu imeongezeka, maana yote huangukia mlangoni mwa kanisa.

Sijui kama niliwahi kukueleza kanisa ninalolitunza. Linaitwa la Mtakatifu Edmundi. Usishangae Mkatoliki kufagia kwa Waanglikana. Waliolijenga walikuwa Wakatoliki, mfalme akaja akalichukua na kila kitu ndani. Lina miaka karibu mia tisa. Kuta zake ni mawe ya gumegume, yale meusi yanayotoa cheche, wakayaokota mashambani na kuyashikiza kwa chokaa. Mlango wa kusini una tao la mviringo, limechongwa meno meno kama msumeno. Hayo ndiyo matao ya kwanza. Ukiingia ndani, matao ni ya watu waliokuja baadaye, yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Unaweza kusimama mahali pamoja ukaona vizazi vinne vya mafundi, kila mmoja ameanzia alipoachia mwenzake.

Sasa sikiliza. Ukuta wao wa kusini ulianza kulala miaka mia sita iliyopita. Hawakuubomoa. Walijenga nguzo za kuegemeza ukuta kwa nje, pana chini, nyembamba juu, zimefungamana na ukuta wenyewe jiwe kwa jiwe. Mpaka leo umesimama. Naweka mkono wangu pale kila asubuhi.

Siwezi kusema bomoeni. Katika kanisa lile mimi nilibatizwa, dada yangu aliolewa, na udongo wa matofali yake bibi zetu waliukanyaga kwa miguu yao. Jengeni nguzo. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, na vipimo vyote nimeweka. Tumieni matofali hayo mliyochoma. Fungamanisheni vizuri na ukuta, hapo ndipo penye siri yote.

Nisalimie Anselm na watoto.

Mjomba wako,
Festo


Lugembati
12 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Magreth alipata homa, imepita. Ndama amepewa jina la Bibi kama ulivyosema, na Mama sasa anaogopa kumgombeza.

Barua yako ilikaa kwa Rashmi mpaka nilipopata usafiri wa kwenda mjini. Aliponiona akapiga kelele mtaa mzima, "Advera! Mjomba wako wa Ulaya kakumbuka kuandika! Njoo tuone kama kaweka hata chokoleti." Nikaifungua palepale kaunta. Akachungulia akaona mchoro. "Hii ni nini?" Nikamwambia ni nguzo ya kuzuia ukuta. Akauliza, "Atakuja kuijenga?" Nikakunja karatasi.

Mjomba, nilikuomba neno moja ukaniandikia kurasa tatu, na neno lenyewe halimo. Niliwasomea wazee. Wengine walinung'unika. Mzee Ngollo alisikiliza macho yamefumba, nilipofika kwenye miaka mia tisa akasema, "Mnaona? Mtu wetu yupo mahali wanapojua." Yakaisha. Watajenga nguzo.

Anselm alijaribu. Alisema upande ule wa makaburi zamani palikuwa na kichuguu, walikisawazisha, na udongo wa kichuguu ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Alisema nguzo nzito pale haifai. Mzee mmoja akamjibu, "Wewe mkwe wa watu, umefika Uingereza?" Anselm akaondoka, na nyumbani akanisema mimi kana kwamba mimi ndiye niliyechora.

Wanawake tumebeba matofali kichwani kutoka tanurini, Magreth mgongoni. Mama naye kabeba, nilimkataza akasema kanisa ni la kwao. Nguzo imesimama, pana chini, nyembamba juu, kama mchoro wako. Imefungamanishwa tofali kwa tofali. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Watu wanakuja kuiangalia. Lakini sisi wenye watoto bado tunakaa nje, kwa sababu ufa uko palepale.

Hukusema unakuja lini. Nimepitia barua mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Advera


Wexholme
27 Desemba 2023

Mwanangu Advera,

Marahaba, na heri ya Noeli. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuvua koti. Nguzo imesimama! Mwambie Mzee Ngollo nimempa mkono kutoka huku. Mwambie Anselm wasiwasi wa fundi ni kitu kizuri, lakini kuta zina uvumilivu kuliko sisi.

Noeli tulikuwa na watu wengi, benchi zilijaa. Niliwasha mishumaa madirishani, mawe yakang'aa kama maji.

Nikuongezee habari, kwa kuwa nimeona inawasaidia. Mnara wetu ni mfupi kuliko ulivyokusudiwa. Walipofika nusu, tauni iliingia ikaua mafundi na waliokuwa wakiwalisha mafundi. Kazi ikasimama miaka arobaini. Ukitazama vizuri unaona mstari ambapo jiwe linabadilika rangi: chini wamepanga waliokufa, juu wamepanga wajukuu. Upande wa kaskazini kulikuwa na ubavu mwingine mzima wa kanisa, wenye matao yake. Baadaye kijiji kikapungua, wakaubomoa, wakaziba matao kwa mawe, na mawe yaliyobaki wakajengea mazizi ya nguruwe. Bado unaona yale matao yaliyozibwa ukutani, kama macho yaliyofumbwa.

Na ndani, mkabala na mlango, kuna picha kubwa ya ukutani ambayo waliipaka chokaa walipokatazwa sanamu. Imekwanguliwa, imerudi. Ni Mtakatifu Kristofa amembeba Mtoto begani anavuka mto. Wasafiri walikuwa wanachungulia mlangoni asubuhi, wakimwona tu wanaendelea na safari wakiamini siku hiyo hawatakufa njiani. Mimi kila nikimtazama nawaona wapagazi wa babu Mahona, mzigo begani, wanaingia kambini pale mlipo sasa.

Tunza barua hizi, siku moja watoto watataka kujua.

Festo


Lugembati
28 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika. Watoto hawajambo. Mvua ya mwaka huu ni nyingi kupita kiasi, barabara ya Isikizya imekatika mara mbili na mahindi ya bondeni yamekwenda na maji.

Nguzo imekaa vibaya kidogo. Wazee wanaomba tena ruhusa ya kubomoa. Safari hii naomba usiandike mengi.

Mama anakusalimu.

Nimeona habari za huyo mtakatifu aliyembeba mtoto. Mimi nimembeba Magreth kutwa na kanga imelowa, nimebeba na vitu vingine, na sijachorwa ukutani.

Advera


Wexholme
25 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikosesha raha. Fupi hivyo, kama arifa ya serikali. Kila barua dada yangu huwa na neno lake, ng'ombe kazaa, ndama kafanya hivi. Safari hii umeandika "anakusalimu" ukaweka nukta. Kuna kitu hunielezi.

Na "vibaya kidogo" ni nini? Imepinda? Imeachana na ukuta? Kama imeachana, jazeni ile nafasi chokaa, msitumie saruji, saruji haiendi na tofali bichi, inafungia unyevu ndani. Huku miaka iliyopita walipaka saruji kwenye mawe yetu na tukakwangua yote upya. Ngojeni kiangazi, kuta zikauke, kisha mtazame tena. Msikimbilie kubomoa. Kilichobomolewa hakuna anayekirudisha, hata aje na akili gani.

Nijibu upesi. Nijibu kuhusu dada yangu kwanza.

Festo


Lugembati
20 Machi 2024

Mjomba Festo,

Shikamoo.

Umesema nianze na dada yako. Naanza naye.

Mama yuko kitandani tangu katikati ya Januari. Amevunjika nyonga na mkono wa kushoto. Alikaa hospitali mjini, amerudi, anakaa kwangu, namgeuza mimi, namwogesha mimi, na Magreth anataka kunyonya wakati huohuo. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza. Alinishika kidole akasema, "Usimwambie Festo. Atajua ni nguzo yake." Nikakaa na hilo neno miezi miwili. Ulipoandika kuna kitu hunielezi, nilitaka kuirarua barua. Wewe ndiye wa kusema hivyo!

Ilikuwa hivi. Ukuta wa zamani ulikuwa umekaa miaka yote juu ya mawe ya msingi, umezoea. Nguzo ilikaa juu ya kile kichuguu. Mvua zilipochanganya, nguzo ikaanza kuzama, na kwa kuwa uliagiza ifungamanishwe na ukuta tofali kwa tofali, haikuzama peke yake. Iliuvuta. Ule ufa wa kuingia mkono wa mtoto ukawa wa kupita mbuzi. Asubuhi ya Jumamosi Mama alikwenda kufagia kama kawaida yake. Tulimwambia asiingie. Alisema, "Festo ameshaweka nguzo." Kipande chote cha dirishani kilikuja ndani pamoja na fremu. Anselm ndiye aliyemchimbua, kwa mikono, hakusubiri jembe. Hakusema hata mara moja kwamba alionya. Mimi ningesema.

Usinielewe vibaya, Mjomba. Sikuandikii nikupige na hili. Ulichora kwa nia njema, na huko kwenu labda chini ni mwamba, wala hukukijua kichuguu chetu, wewe uliondoka kijana. Ila tulikuuliza neno moja, ukatutumia vipimo.

Nimezisoma barua zako zote upya nikimlaza Magreth. Na nimeona kitu ambacho uliandika mwenyewe ukakipita. Hilo kanisa lako halijahifadhiwa. Wamelibomoa mara ngapi? Ubavu mzima wa kaskazini walitoa, mawe wakawapa nguruwe. Matao wameziba. Picha wamepaka chokaa. Mnara wajukuu wamejenga wanavyojua wao, hata rangi ya jiwe hawakujali. Kila waliokuwepo walifanya walichohitaji ili wasali. Walimwandikia mjomba gani kuomba ruhusa?

Unalipenda kwa sababu watu wake hawakuogopa kuligusa. Halafu letu unataka ligande.

Nitakuambia ninachofikiri, unisamehe, wewe ni mkubwa wangu. Nafikiri unataka kanisa lisimame ili kuwe na kitu hapa kinachokusubiri ambacho hakikuulizi unakuja lini. Ndiyo maana hata simu hupokei. Kwenye simu ningekusikia ukinyamaza.

Sasa la mwisho, na hili nimelifanya mimi. Barua yako ya Februari ilipofika, Mzee Ngollo alikuja hapa, wazee wengine nyuma yake, wakakaa ukumbini ambako Mama amelala. Akauliza, "Kaandika?"

Nikasema, "Kaandika."

"Soma."

Nikaifungua. Nikatazama pale ulipoandika habari za chokaa na saruji, nikasoma: "Bomoeni. Jengeni kubwa. Mungu awabariki wote."

Mzee Ngollo akainamisha kichwa. Mama ananijua, alinitazama tu, kisha akageukia ukutani. Sijui alikuwa analia au anacheka, mabega yalitikisika.

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na sita mwezi huu. Jumatatu walianza. Mabati yameshashuka. Yale matofali ya bibi zetu hayakubomoka vibaya, yanarudi udongo kwa utaratibu, na mawe ya msingi tunayatoa moja moja tunayapanga kando.

Basi una njia mbili. Waandikie wazee kwamba Advera ni mwongo, watakuamini, mimi nitasimama mbele ya kigango niseme ndiyo. Au nyamaza, kama unavyojua kunyamaza. Kurudi nyuma hakuna. Sikuomba msamaha na sitaomba, nina mtu wa kugeuza kitandani.

Advera


Wexholme
21 Aprili 2024

Advera,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Sikuweza kufungua kanisa siku mbili za kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini limefungwa.

Uliwasomea tarehe kumi na sita Machi. Basi tarehe kumi na sita Machi ndiyo niliyokubali. Wasomee wazee mstari huu, sasa hivi ni mwandiko wangu: Bomoeni. Jengeni kubwa. Mungu awabariki wote. Maneno yako ni mazuri kuliko ambayo ningeyapata.

Noeli nilikuambia benchi zilijaa. Zilijaa mbili. Kanisa hili litafungwa baada ya mavuno, wameshatuandikia. Wataliacha lisimame, wageni walipige picha. Nilikuwa nadhani hilo ndilo jambo jema kuliko yote yanayoweza kulipata jengo.

Uliniuliza tangu Septemba nami sikujibu. Siji. Si mambo ya karatasi, wala si afya. Nimekaa huku mpaka nikija huko nitakuwa mgeni anayeoneshwa pa kuketi, na sina nguvu ya hilo. Nilijua tangu barua ya kwanza.

Msinisubiri tena kwa vipimo. Anselm anaijua ardhi. Muulizeni yeye.

Dada yangu mpe pole. Sijui nimwambieje.

Festo


Lugembati
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imekata. Apolinaria ameng'oka jino la mbele kwa kuanguka, analionesha kwa kila mtu. Magreth anatembea, kwa hiyo sikai tena. Tumevuna kidogo, tunashukuru.

Barua yako niliichukua kwa Rashmi. Hakupiga kelele safari hii, aliniona usoni akanivutia kiti. Niliisomea palepale, akaniletea chai, kisha akaanza kumgombeza kijana wa mizani bila sababu ili watu wasinitazame.

Wazee niliwasomea, na safari hii nilisoma kilichoandikwa. Nilisoma mpaka "Mungu awabariki wote" nikakunja. Mzee Ngollo alisema, "Alishasema, kwa nini amerudia?" Nikasema amesisitiza. Akaridhika, akatoa machozi kidogo, akasingizia moshi.

Msingi umechimbwa. Anselm ameuhamisha hatua kadhaa kutoka upande wa makaburi, ameshuka mpaka kwenye changarawe, na kila mzee anayepita anamwambia "Fundi, kazi njema" kana kwamba hawakumtukana. Yeye anajibu vizuri. Mimi ningekuwa bado nanuna. Tumekubaliana wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango wa pembeni, mtoto akilia utoke bila kupita mbele ya watu wote. Hilo nimelisema mimi, na limeandikwa.

Kuhusu kutokuja kwako sina la kukugombeza. Nimejaribu kukasirika, nimechoka, haikai. Kama huwezi huwezi.

Lakini Mama siku ile niliporudi kutoka mjini alikuwa ameketishwa mlangoni, sasa anaweza kukaa. Aliniuliza kabla sijatua mzigo.

"Kasema anakuja lini?"

Nikamwambia, "Hajasema, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu, amefurahi. "Basi anapanga," akasema. "Festo akinyamaza ujue anapanga." Tangu hapo kila mgeni akiingia anamwambia mdogo wake anapanga kuja kuweka jiwe la msingi. Ameniambia nipige deki chumba cha uani. Nimekipiga deki, Mjomba. Nimesimama mle ndani na ndoo nikajiona mjinga.

Nilidanganya wazee kwa ajili yako na kwa ajili ya watoto, na nikiulizwa tena nitadanganya tena. Kwa Mama sitaweza kuendelea. Wala sitamwambia mimi. Hilo si langu. Nimebeba matofali, nimekubeba wewe, hilo utalibeba mwenyewe.

Usiandike. Akisomewa na mimi atanitazama mimi, si wewe. Piga simu. Namba ya Anselm ni ileile. Nitamwekea sikioni, watoto nitawatoa nje, hatutapiga kelele, nitafunga mlango na kukaa na ninyi mpaka mmalize, hata kama mtanyamaza wote wawili. Dada yako anajua kunyamaza na mtu.

Ila ukimpigia, nakuomba, usianze na kanisa.

Mpwa wako,
Advera